Maji Yapangwe Kabla ya Msingi: Mazungumzo kwa Wakazi Wanaojenga Nyumba Zao



Kila mwaka bonasi ya majani chai inapolipwa, maduka ya vifaa vya ujenzi kuanzia Litein hadi Sotik, na kutoka Kapsoit hadi Bomet mjini, hujaa watu. Huyu anauliza bei ya mabati, yule anauliza saruji, mwingine anatafuta mbao za kuezekea. Ni wachache wanaouliza bomba la maji taka, na wachache zaidi wanaouliza litapita wapi. Swali hilo huja baadaye, nyumba ikiwa imeshapakwa rangi na vigae vimeshawekwa. Wakati huo jibu lake ni nyundo na tindo. Sakafu inavunjwa, ukuta unatobolewa, na pesa zilizotafutwa kwa miaka mitatu zinatumika kubomoa kazi iliyokwisha lipiwa.

Mazungumzo ya leo ni kuhusu kuepuka hasara hiyo. Yanamhusu mkulima mwenye ekari moja au mbili za chai anayejenga polepole kwa bonasi. Yanamhusu pia mfanyakazi anayekaribia kustaafu, ambaye kwa miaka ishirini au thelathini ameishi katika nyumba ya kampuni ya chai. Kule, bomba likipasuka aliita ofisi. Sasa anarudi kwenye shamba lake, na kwa mara ya kwanza yeye mwenyewe ndiye ofisi.

Haki na wajibu

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofaa na usafi wa kiwango cha kuridhisha, pamoja na haki ya maji safi na salama ya kutosha. Jedwali la Nne la Katiba hiyo limezipa kaunti kazi ya huduma za maji na usafi, na vilevile kazi ya mipango na nyumba. Ndiyo maana mwananchi anayejenga hukutana na afisa wa kaunti mara kadhaa kabla ya kuhamia ndani.

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka ujenzi upate idhini ya kaunti kabla haujaanza. Mwenye nyumba anapeleka ramani iliyochorwa na mtaalamu aliyesajiliwa, pamoja na hati ya kuonyesha ardhi ni ya nani. Ramani hiyo hukaguliwa na idara ya mipango, na afisa wa afya ya umma huangalia vyoo, maji taka na hewa. Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, nayo husajili wakandarasi na miradi, na kutoa vyeti kwa mafundi stadi.

Wengi huona karatasi hizi kama kikwazo. Lakini itazameni ramani kwa jicho la fundi wa mabomba. Ramani nzuri inaonyesha choo kiko wapi, bafu liko wapi, bomba la maji taka linatokea upande gani, na shimo lake liko umbali gani kutoka nyumba ya jirani. Yakichorwa, kosa linarekebishwa kwa kifutio. Yasipochorwa, linarekebishwa kwa jembe na sururu.

Kuna jambo la ardhi ambalo halifai kufichwa. Mashamba mengi bado yako kwa jina la babu aliyefariki. Kijana ameonyeshwa kipande chake kwa mdomo, mbele ya wazee wa kokwet, na anajenga nyumba ya mawe juu yake. Nyumba ya mawe, tangi na shimo la maji taka havihamishiki. Kabla ya kuviweka, ni heri familia ishughulikie mirathi, ardhi ipimwe, na kila mtu ajue mpaka wake. Ugomvi wa mpaka uliotulia kwa miaka kumi huamka siku ambayo mmoja anachimba shimo la choo.

Soma mteremko kwanza

Nchi ya chai ni nchi ya vilima. Nyumba hukaa juu ya mteremko, majani chai yanashuka, na chini bondeni kuna chemchemi au mto. Maji ya juu yote hutafuta njia ya kwenda chini, yakiwemo yale yaliyotoka chooni.

Tuseme mkulima wa Belgut amejenga upande wa juu, na chemchemi inayonywewa na familia kumi na mbili iko chini ya shamba lake. Akichimba shimo la choo moja kwa moja juu ya chemchemi hiyo, udongo utachuja kiasi, lakini hautachuja kila kitu, hasa wakati wa mvua nyingi ambapo maji ya chini ya ardhi hupanda. Yeye anaweza kukaa miaka bila kuona dalili yoyote. Wanaougua ni watoto wa chini.

Kwa hiyo umbali kati ya shimo la choo au la maji taka na kisima au chemchemi uwe angalau mita 30, na shimo liwe upande wa chini wa chanzo cha maji kila inapowezekana. Ikiwa shamba ni jembamba na haiwezekani, afisa wa afya ya umma aitwe aangalie mahali penyewe kabla ya kuchimba. Wanaopakana na mito kama Kipsonoi, Chemosit, Itare na Nyangores wakumbuke kwamba kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza ujenzi katika ukanda wa kati ya mita 6 na 30 kila upande, kuanzia pale mafuriko ya juu kabisa yalipowahi kufika. Kijito cha kiangazi kisimdanganye mtu. Alama ya kupimia ni ile ya mafuriko.

Umuhimu wa jambo hili haukuanza leo. Mwaka 2015 Bomet ilikuwa miongoni mwa kaunti za Kenya zilizokumbwa na kipindupindu. Ugonjwa huo husafiri kwa kinyesi kinachoingia katika maji ya kunywa na chakula. Shimo lililochimbwa mahali pasipofaa ni mlango mmoja wa ugonjwa huo.

Maji yatatoka wapi?

Anayejenga ana njia nne za kupata maji: bomba la kampuni ya maji, chemchemi, kisima na mvua. Wengi watahitaji mbili kati ya hizo.

Kwa walio karibu na miji, Kampuni ya Maji na Usafi ya Kericho, au Kampuni ya Maji ya Bomet kwa majirani wa upande ule, ndiyo ya kuulizwa kwanza. Mwenye nyumba aulize kabla ya kuchimba msingi: je, bomba kuu linapita wapi, mita itakaa wapi, na maji hufika siku ngapi kwa wiki? Jibu la swali la mwisho ndilo litakalosema tangi liwe kubwa kiasi gani.

Kisima kirefu cha kuchimbwa kwa mashine kinahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Maji yake yapimwe katika maabara kabla ya kunywewa. Sehemu nyingi za Bonde la Ufa zina madini ya floridi katika maji ya chini ya ardhi, na yakizidi miligramu 1.5 kwa lita huharibu meno ya watoto. Floridi haina rangi wala ladha ya kumwonya mtu, na kuchemsha maji hakuiondoi.

Sasa mvua. Huu ndio utajiri ambao watu wa eneo hili wanauacha upite. Sehemu za chai karibu na mji wa Kericho hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Hesabu yake ni rahisi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 80, ukiondoa sehemu moja ya tano inayopotea kwa kuruka, kufurika na kukauka, litakusanya lita 128,000 kwa mwaka. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 40 kwa siku, inahitaji lita 87,600 kwa mwaka mzima. Paa pekee linatosha na kubaki.

Basi kwa nini akina mama bado wanabeba mitungi mwezi wa Januari? Kwa sababu mvua haiji kwa awamu sawa. Familia hiyo inatumia lita 240 kwa siku. Tangi la lita 5,000 likijaa mwishoni mwa Desemba na mvua isinyeshe tena, litakwisha baada ya siku 20. Ili kuvuka siku 60 za kiangazi, familia inahitaji hifadhi ya lita 14,400. Anayeweza kununua tangi moja tu mwaka huu asione haya. Ajenge tako la kutosha matangi matatu, aweke moja, na mengine yafuate kadiri bonasi zinavyokuja.

Kwa wakazi wa sehemu kavu zaidi, kama upande wa Sigor na Chepalungu, hesabu hubadilika. Mahali penye milimita 1,000 kwa mwaka, paa lile lile litatoa lita 64,000, na familia ile ile itapungukiwa. Huko paa la nyumba liongezewe paa la jikoni na la zizi, au kuwe na chanzo cha pili. Maji ya paa la zizi yatengewe mifugo na bustani.

Gata, tangi na mvua ya mawe

Vilima vya Kericho na Nandi vinajulikana duniani kwa mvua ya mawe. Katika miaka ya 1960 makampuni ya chai hata yalijaribu kurusha kemikali mawinguni ili kuipunguza. Mkulima anajua inavyofanya majani chai, lakini inavunja pia gata nyembamba na kutoboa bati la plastiki linalowekwa kuingiza mwanga. Gata ishikwe na vyuma vilivyokaribiana, bati liwe la unene unaofaa, na mabomba ya plastiki yasiachwe nje uchi. Jua nalo huyafanya yawe makavu na rahisi kuvunjika, hivyo yafukiwe ardhini au yafunikwe.

Maji ya kwanza ya mvua huosha paa. Hubeba vumbi, majani na kinyesi cha ndege. Kwa paa la mita za mraba 80, lita 40 za kwanza zisiingie katika tangi. Bomba la wima lenye kifuniko chini, lililounganishwa kabla ya tangi, hujaa maji hayo machafu kwanza, kisha yaliyo safi hupita juu kuelekea tangi. Baada ya mvua kifuniko kinafunguliwa na uchafu unamwagwa. Mdomo wa tangi uwekwe wavu ili mbu wasiingie, na bomba la kufurika lielekezwe mbali na msingi wa nyumba.

Kuhusu tako la tangi, hesabu nyingine rahisi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani tano, kama ng'ombe kumi wakubwa wamesimama pamoja. Hakuna mtu angewapandisha ng'ombe kumi juu ya mbao zilizobaki kwenye mjengo. Tangi la ukubwa huo likae chini, juu ya zege lililosawazishwa, na maji yapandishwe kwa pampu hadi tangi dogo la juu. Tako la tangi la juu litengenezwe kwa chuma au zege, na mtaalamu akubali uzito wake.

Urefu wa tangi la juu ndio nguvu ya maji. Kila mita kumi za urefu hutoa baa moja ya nguvu. Tangi lililo mita mbili tu juu ya shawa litatoa maji ya kudondoka. Hili ndilo linalofanya watu walaumu shawa na kununua nyingine, na ile mpya nayo inadondoka vilevile.

Mabomba ndani ya nyumba

Bei ya kazi ya mabomba hupungua sana kwa uamuzi mmoja wa ramani: jikoni, bafu na choo vikae karibu, ikiwezekana vikipakana ukuta mmoja. Bomba linakuwa fupi, viungo vinakuwa vichache, na mahali pa kuvuja panapungua. Nyumba yenye jikoni upande wa mashariki na choo upande wa magharibi inalipia bomba kupita chini ya vyumba vyote, na siku likiziba, sakafu ya sebule ndiyo itakayovunjwa.

Msingi unapojengwa, fundi wa mawe na fundi wa mabomba wawepo siku moja. Pale bomba litakapopita chini ya ukuta, paachwe tundu kwa kipande cha bomba kubwa zaidi. Bomba lililobanwa ndani ya zege hupasuka nyumba inapotulia chini kidogo, na nyumba zote mpya hutulia.

Koki kuu iwe mahali ambapo kila mtu wa nyumba anaifikia, hata mtoto wa darasa la nne. Kila chumba chenye maji kiwe na koki yake, ili mfereji mmoja ukiharibika nyumba nzima isikose maji. Maji ya mvua na maji ya bomba la kampuni yasiunganishwe moja kwa moja. Maji ya kampuni yaingie juu ya tangi kwa boya, hewa ikiwa kati, ili maji ya tangi yasirudi katika bomba la umma.

Kabla ukuta haujapigwa plasta, mabomba yajazwe maji na yafungwe kwa nguvu kubwa kuliko ile ya kawaida, kisha yaachwe usiku kucha. Asubuhi kila kiungo kikaguliwe kwa mkono mkavu. Fundi anayekataa jaribio hili amejibu swali kuhusu kazi yake.

Neno moja kuhusu shawa ya umeme, ambayo watu wa baridi ya Kericho wanaipenda. Shawa hiyo inakula umeme mwingi kuliko kifaa kingine chochote cha nyumbani. Inahitaji waya wake yenyewe kutoka kwenye kisanduku cha umeme, swichi yake ya kujikata, na waya wa ardhini uliofungwa sawasawa. Kazi hiyo ni ya fundi wa umeme mwenye leseni. Maji na umeme usio na waya wa ardhini vimeua watu wakiwa bafuni.

Maji yakishatumika

Bomba la choo liwe la inchi nne, na mteremko wake uwe sentimita 2.5 kwa kila mita. Kwa bomba la mita kumi, mwisho uwe sentimita 25 chini ya mwanzo. Likilala sana, uchafu unabaki. Likisimama sana, maji hukimbia na kuacha uchafu nyuma. Kila mahali bomba linapopinda au kukutana na jingine, pajengwe kisanduku chenye kifuniko, ili fundi aweze kuingiza waya wa kuzibua bila kuchimba.

Kila sinki, bafu na choo kiwe na kona yenye kushika maji. Maji hayo kidogo ndiyo mlango unaozuia harufu na mende wa mashimoni. Bomba la hewa nalo lipande hadi juu ya paa. Lisipokuwepo, maji yanayokimbia chooni huvuta yale ya kwenye kona za masinki, na nyumba mpya huanza kunuka bila mtu kujua sababu.

Penye mtandao wa maji taka, nyumba iunganishwe huko. Pasipo na mtandao, tangi la maji taka liwe na vyumba viwili. Cha kwanza huzuia uchafu mzito, na cha pili hutuliza maji kabla hayajaenda katika shimo la kunyonya. Maji ya mvua yasielekezwe humo kamwe. Mvua moja ya Aprili inaweza kulijaza tangi na kusukuma uchafu wote nje kabla haujaoza.

Udongo upimwe kabla shimo la kunyonya halijachimbwa. Lichimbwe shimo dogo la sentimita 30 katika kina ambacho maji yatanyonywa, lijazwe maji na liachwe usiku. Kesho yake lijazwe tena na mtu atazame saa. Udongo mwekundu wa nchi ya chai kwa kawaida hunyonya vizuri. Udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao uko sehemu za chini, hunyonya polepole sana, na hapo mtaalamu atashauri mtaro mrefu badala ya shimo moja.

Na hili lisikike vizuri kuliko yote. Shimo la choo au tangi la maji taka lililofunikwa lina gesi ambayo haionekani. Mtu anaingia kulisafisha au kuokota simu, anaanguka kwa dakika chache, na anayemfuata kumwokoa anaanguka pia. Hivyo ndivyo familia moja hupoteza watu wawili au watatu kwa siku moja. Hakuna anayefaa kuingia. Aitwe mwenye gari la kunyonya uchafu, na ikiwa mtu ameshaanguka, waitwe waokoaji wenye vifaa. Wakati wa ujenzi pia, shimo lililo wazi lizungushiwe ua imara na kufunikwa kila jioni. Mvua ikilijaza, mtoto haoni tofauti kati yake na dimbwi.

Kujenga kwa awamu

Kujenga polepole si aibu. Nyumba nyingi nzuri katika kaunti hizi zilichukua bonasi tano au sita. Jambo la maana ni mpangilio. Bonasi ya kwanza ishughulikie ardhi, ramani na idhini. Ya pili iweke msingi pamoja na mabomba yote ya chini ya sakafu, hata kama masinki yatakuja baada ya miaka mitatu. Bomba lililozikwa mapema linafungwa mdomo na kusubiri. Ya tatu ilete kuta na paa, na gata iwekwe wiki ile ile paa linapowekwa. Mwenye paa lisilo na gata anatazama maji yake yakienda kwa jirani na kuchimba msingi wake mwenyewe. Baada ya hapo waya, plasta, masinki na vigae vifuate.

Mapatano na fundi yaandikwe, hata kama fundi ni mtoto wa shangazi. Karatasi iseme kazi gani, vifaa vya ubora gani, muda gani, na malipo yatatolewa lini. Malipo yafuate kazi iliyokwisha, na sehemu ibaki hadi maji yapite katika kila mfereji na kila choo kikiwa kimevutwa mara kumi. Karatasi hiyo inamlinda fundi vilevile. Mafundi wengi wazuri wamenyimwa haki yao kwa sababu walikubaliana kwa mdomo chini ya mti.

Picha zipigwe kwa simu kabla mtaro haujafukiwa, huku futi ya kupimia ikionekana kando ya bomba. Miaka kumi baadaye, mtu akitaka kuongeza chumba, picha hizo zitamwonyesha pa kuchimba.

Maji ya kunywa

Hata maji ya mvua yaliyokusanywa vizuri yanafaa kutibiwa kabla ya kunywewa. Katika miinuko hii, iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 93 hivi badala ya 100. Joto hilo linaua vijidudu, lakini yaachwe yatokote kwa dakika tatu badala ya moja. Anayetumia dawa ya klorini afuate kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Tangi lisafishwe kila mwaka kabla ya mvua za masika, wakati limebaki na maji kidogo.

Maswali manne kabla ya kuchimba

Ndugu wakazi, mwenye nyumba anayeweza kujibu maswali haya manne anaweza kumwita fundi kesho. Maji yatatoka wapi wakati wa mvua, na yatatoka wapi Januari? Yakishatumika yataenda wapi, na nani anakunywa maji upande wa chini? Bomba likiharibika, litafikiwaje bila kuvunja nyumba? Na ardhi hii ni ya nani kwa maandishi?

Asiyeweza kujibu moja kati ya hayo afike katika ofisi ya wadi aelekezwe kwa afisa wa afya ya umma, afisa wa maji au afisa wa mipango. Aje na mchoro wake, hata uliochorwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, uonyeshe nyumba, choo, mteremko na chemchemi iliyo karibu. Mazungumzo yataanzia hapo.